Mtu Aliyeninyang'anya Vijiko

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Nilianza kwa kuuza chumvi na sabuni za vipande nje ya geti la Mtabila, enzi zile kambi ya wakimbizi bado ina watu. Kambi ilipofungwa, wenzangu waliouza pale walikaa chini wakasikitika. Mimi nilinunua mabati chakavu kwa watu waliokuwa wanaondoka, nikayapeleka Kasulu, nikayauza. Leo nina duka la pembejeo na dawa za mifugo Kasulu mjini, nina jingine Kibondo, nina malori madogo mawili, na nyumba yangu ina marumaru mpaka jikoni. Kwenye safari hiyo nimeona mengi. Nimemwona mtu akirudi nyumbani akakuta watu wamekaa matanga yake mwenyewe, akaketi akala nao. Nimemwona ng'ombe mmoja akiuzwa mara tatu kwenye mnada mmoja na watu watatu, na kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa mwenye ng'ombe. Kwa hiyo nikisema sishangai, naomba niaminiwe.

Mtu ninayemwandika hapa alinishangaza mara moja. Nitafika huko.

Jina lake silitaji. Hata nikilitaja, Kasulu wengi hawatamjua. Sote tulimwita Bwana Mifugo. Cheo chake cha kwenye karatasi kilikuwa kirefu, na katikati ya urefu huo kulikuwa na neno la viuatilifu, ambalo kwa Kiswahili cha dukani ni sumu. Kazi yake ilikuwa chanjo, majosho, kukagua nyama, na kutembelea watu kama mimi wanaouza vitu vinavyoua.

Alikuwa mfupi, mwenye mabuti meupe ya mpira ambayo aliyaosha mwenyewe kila jioni, na koti lenye mifuko mingi kuliko kalamu alizokuwa nazo. Lakini kitu alichokuwa nacho hasa ni pua. Akifika dukani hakuanza na salamu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akavuta hewa kidogo kama mtu anayesikiliza. Hewa ikimridhisha alisema "Mwakeye" kwa Kiha chetu, akaenda kukaa juu ya gunia la pumba, tukazungumza habari za mvua. Isipomridhisha hakusema kitu. Alizunguka kaunta, akainama, akavuta droo ya chini. Hakuwahi kukosea droo.

Maji ya dukani kwangu hakunywa. Soda nilimpa siku ya kwanza, ya baridi, akaishika, akaiangalia, akairudisha. Alisema mahali panapouzwa sumu yeye hafungui mdomo ila kwa kusema. Niliona ni maringo ya mtu wa ofisi. Baadaye nikamwona kijijini Kitanga, kwa wachungaji, amekaa chini anakula viazi vitamu vya kuchemsha kutoka kwenye sufuria nyeusi. Nikamuuliza, mzee, soda yangu ina kasoro gani ambayo kiazi hiki hakina? Akanijibu kwamba kiazi kinakuja na ganda lake.

Sasa nieleze habari ya droo ya chini, maana ndiyo iliyotufanya tujuane.

Kuna dawa ya chembechembe za zambarau, ya kuua wadudu kwenye mahindi na migomba. Ni kali. Sheria inasema dawa ya namna hiyo ikae kwenye kabati la kufuli, iuzwe kwenye pakiti yake, imefungwa, maandishi yanasomeka, na mnunuzi aandikwe kwenye daftari: jina, kijiji, kiasi, matumizi, sahihi. Sheria nzuri. Tatizo ni kwamba mtu wa Kitanga hana hela ya pakiti. Anataka ya kijiko. Basi wauzaji wote tulikuwa tunafungua pakiti, tunapima kwa kijiko, tunafunga kwenye karatasi ya daftari la shule kama tunavyofunga sukari. Mimi nilikuwa napima kuliko wote kwa sababu nilikuwa nauza kuliko wote.

Na sote tulijua. Mwezi wa nane mahindi ya watu yameshaingia ghalani, mabua yameshaliwa na mbuzi, halafu mtu anakuja na uso mkavu kukwambia ana wadudu shambani. Ukimwangalia usoni unaona kabisa mdudu wake ana miguu minne na anacheka usiku. Hakuna aliyesema fisi. Alisema, "Nipe ya mahindi, vijiko viwili." Mimi nilipima. Daftari la sumu lilikuwepo, jipya, halina hata doa.

Bwana Mifugo alipovuta droo ya chini mara ya kwanza alikuta pakiti iliyofunguliwa na kijiko ndani yake. Pakiti aliifunga akaisogeza pembeni. Kijiko alikichukua. Akatoa kitabu cha stakabadhi mfukoni, akaandika kwa mwandiko wa polepole: kijiko kimoja, cha aluminiamu, mpini umepinda. Akasaini, akanikabidhi nakala, akaondoka.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Asubuhi yake nikanunua kijiko kingine sokoni. Baada ya mwezi akaja akakichukua, na stakabadhi akaniandikia. Vijiko vyangu alivyochukua ni tisa, na stakabadhi zote tisa ninazo. Mara ya nne au ya tano nilimuuliza, mzee, kwa nini usinikamate kikaeleweka? Akafikiri, kisha akasema hivi:

"Nikichukua sumu yako utaleta mtu wa kukutetea, tutapelekana mahakamani. Nikichukua kijiko utaenda sokoni kununua kingine. Nakusumbua tu. Siku ukichoka kununua vijiko utaacha."

Mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Rushwa hakula; nilijaribu. Nilimpelekea kilo tano za mchele nyumbani, zikarudi zimefungwa vilevile, zina stakabadhi.

Mtu akisoma hivi atadhani alikuwa mpenzi wa wanyama. Hapana. Fisi aliwachukia kwa moyo wake wote. Nilimsikia mara nyingi akiwatukana kwa Kiha, maneno ambayo hayaandikiki. Alikuwa akisema, "Sheria haijaniambia nimpende." Na mbwa aliwaogopa. Mtu ambaye kila mwaka anachanja mbwa wa wilaya nzima, akifika kwenye boma anapanda juu ya kiti, au juu ya jiwe, mpaka mwenye mbwa amshike mbwa wake taya. Wanawake wa Kitanga walikuwa wanakusanyika kumtazama, wanapiga vigelegele akishuka. Naye alishuka taratibu, akajifuta mabuti, akaandika kadi ya chanjo kama vile hakuna kilichotokea.

Kwenye mkutano mmoja wa kijiji alisimama kusoma masharti: marufuku kutega mzoga kwa sumu, marufuku kununua sumu iliyopimwa kwa kijiko, ukiona mnyama anakusumbua toa taarifa, waje wenye bunduki na wenye kazi hiyo. Alisoma yote bila kuinua macho. Alipomaliza, mzee mmoja nyuma akasema, "Bwana Mifugo, na fisi naye umemsomea?" Mkutano ukaangua kicheko. Yeye akasubiri kiishe.

"Nimemsomea," akasema. "Amekataa kusaini. Ninyi mmesaini."

Alikuwa anahesabu. Hili nililiona mapema nikadhani ni ugonjwa mdogo. Akiingia mahali anahesabu watu kwenye benchi. Mbuzi wakipita barabarani midomo yake inacheza. Ukimpa vidonge ishirini vya minyoo anavihesabu mbele yako, halafu anavihesabu tena anapovitia mfukoni. Nilidhani haamini watu. Sababu yake nilikuja kuisikia Kitanga, chini ya bati la josho, mvua imetufungia wawili tu, na alinieleza bila mimi kumuuliza.

Alipoanza kazi, kijana kabisa, serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa inatega. Mbwa wa mitaani wakizidi, au fisi wakizoea machinjio, anatumwa yeye na mwenzake na ndoo ya nyama iliyotiwa sumu. Wanatega jioni, wanaokota asubuhi. Vipande vinahesabiwa vikitoka na vinahesabiwa vikirudi. Kilicholiwa kionekane na mzoga wake. Siku moja walitega thelathini. Asubuhi, ukijumlisha vilivyobaki na mizoga, wakapata ishirini na tisa. Mwenzake akasema labda kunguru. Bwana Mifugo alikitafuta kile kimoja siku tatu. Alipita kila nyumba ya mtaa ule akiuliza kama kuna mgonjwa. Hapakuwa na mgonjwa. Hakukipata, na hakuna aliyekufa ambaye yeye alimsikia.

"Mpaka leo?" nikamuuliza.

"Mpaka leo kipo mahali," akasema. Mvua ikapungua, akavaa kofia, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa biashara. Hadithi ile niliisikia, nikaiweka, nikaendelea kupima.

Nina shamba Kitanga, na kwenye shamba nina ng'ombe. Si wengi kama wanavyosema watu, lakini si haba. Anayenichungia ni mtu ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye amezaliwa huku na ni raia kama mimi. Mkristo, hanywi, mkweli kupita kiasi. Asubuhi moja akanipigia simu kwamba fisi wameangusha mtamba wangu, yule mwekundu niliyemnunua mnada wa Kibondo nikamringia kila mtu. Walimla kiwele na nyama ya paja, kukapambazuka, wakakimbia.

Nilipanda pikipiki na kifurushi changu. Mimi mwenye duka sikuhitaji kununua, na daftarini sikuhitaji kuandika. Vijiko vitatu. Nikamfanyia mtamba ile kazi kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye sehemu walizokwishazifungua, ili wakirudi jioni wamalizie. Nikamwambia mchungaji wangu, "Hii isiguswe na mtu yeyote." Sikumwambia kwa nini. Niliona aibu kidogo, na pia nilikuwa na mteja ananisubiri mjini. Nikaondoka.

Sasa kuna jambo ambalo mimi, mzaliwa wa huku, sikupaswa kulisahau. Kwetu ng'ombe wa mtu akivunjika mguu au akiuawa na mnyama, haachwi aoze. Majirani wanakuja na mabeseni. Kila nyumba inachukua kipande chake na inaacha hela kidogo, na hizo hela zinamsaidia mwenye ng'ombe kununua ndama. Ndiyo pole yenyewe. Usipokwenda, umemdharau aliyefiwa na ng'ombe. Nilipokuwa sina kitu nilikula nyama ya namna hiyo mara nyingi, na niliacha hela yangu bakulini nikaona fahari.

Majirani walikuja. Mchungaji wangu akawaambia, kweli tupu, kwamba bosi amesema isiguswe. Wao wakaelewa walivyoelewa: tajiri anaona hela zetu ni ndogo, hataki pole yetu. Mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa mpakani mwa shamba, ambaye masikio yake hayasikii vizuri, ndiye aliyewaongoza. Akasema mtu hawezi kuachwa na msiba wake hata akijifanya hataki. Wakamkatakata mtamba, wakagawana, wakaacha hela kwenye bakuli, wakaziwekea jiwe juu zisipeperushwe. Nyumba kumi na nne. Mchungaji wangu alisimama tu. Angefanyaje? Hakujua kilichomo, na yeye pia ni jirani.

Bwana Mifugo alipitia pale kwa sababu nyama ya mnyama aliyekufa lazima ikaguliwe, na mtu mmoja mwenye adabu alikuwa amempigia simu aje. Alikuta damu, bakuli na jiwe. Alikuta pia mbwa amelala pembeni ya ua, hatua moja kutoka kwenye utumbo, amekufa. Mchungaji wangu ananiambia alivua kofia, akavuta hewa mara moja, akauliza: "Nyumba ngapi?"

Akaambiwa kumi na nne.

Hakupiga kelele za sumu. Angepiga, kila mtu angesema serikali imetamani nyama, na wengine wangeificha. Alikwenda nyumba kwa nyumba na lile bakuli, akamrudishia kila mtu hela yake mkononi na kuchukua kipande chake, akisema mwenye ng'ombe ameghairi. Watu walimpa kwa hasira. Wengine walinitukana pale pale, na walikuwa na haki. Na mbwa siku hiyo hakuwaogopa: mchungaji wangu anasema aliingia maboma yote bila kupanda jiwe hata moja, mbwa wanambwekea magotini. Alikusanya kumi na tatu.

Cha kumi na nne kilikuwa kwa yule mama. Alikuwa wa kwanza kuchukua, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kubandika. Bwana Mifugo alifika mlangoni akasalimia, mama hakusikia. Alikuwa anapakua. Bwana Mifugo hakusalimia mara ya pili. Aliingia jikoni kwa watu bila hodi, na mabuti yake, akapiga teke sufuria.

Yule mama alimpiga mwiko wa kichwa. Alama ile alizeeka nayo.

Hakufa mtu. Nasema hivi mapema kwa sababu najua ndicho kinachosubiriwa. Walikufa mbwa wawili na tai saba, waliofikia matumbo kabla hayajafukiwa. Tai saba ni wengi ukiwaona wamelala pamoja. Wanaonekana kama makoti ya watu. Fisi hakufa hata mmoja. Walirudi siku ya tatu, wazima, wakachukua kondoo wa jirani.

Alikuja dukani kwangu siku iliyofuata, kitambaa kichwani. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, maana maneno ninayajua. Yeye alivuta lile daftari jipya lisilo na doa, akalifungua ukurasa wa kwanza, akanipa kalamu yake.

"Andika," akasema.

Nikaandika jina langu mahali pa mnunuzi. Kijiji, Kitanga. Kiasi, vijiko vitatu. Nilipofika kwenye matumizi nikainua kalamu. Nikamuuliza niandike nini, niandike watu kumi na nne?

"Andika ulichokusudia. Kilichotokea nitaandika mimi."

Nikaandika fisi. Ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kwenye daftari lile. Naye akaandika yake, kurasa tatu, akazipeleka zinakopelekwa. Duka lilifungwa miezi sita. Faini sitaitaja, nililipa kwa siku moja, na wale waliosema nimekwisha wakaniona mwezi wa saba nafungua upya, na rangi mpya nimepaka. Lakini nilikuwa nimechoka kununua vijiko. Kabati likapata kufuli, daftari likapata doa. Alipokuja tena alisimama mlangoni, akavuta hewa, akasema "Mwakeye," akaenda kukaa kwenye gunia la pumba. Jambo la Kitanga hatukulizungumza tena. Yule mama nilimpelekea sufuria mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Aliipokea, na akaniuliza nyama iko wapi.

Alistaafu. Tulimfanyia kasherehe, wauzaji wote tuliokuwa tunamwogopa. Nilichangia kuliko wote. Alihesabu viti. Akarudi kwao, Gwarama, akaanza kufuga mbuzi wake mwenyewe, jambo ambalo maisha yake yote alikuwa anawafundisha wengine namna ya kulifanya.

Basi, mwaka huu, mwezi wa nane, nilikuwa duka la Kibondo nakagua mzigo. Akaingia mzee. Sikumtambua mara moja kwa sababu aliingia tu. Hakusimama mlangoni. Kofia ilibaki kichwani, akasalimia kama mteja yeyote. Mabuti yalikuwa yale meupe, lakini yalikuwa na matope ya siku nyingi. Nikamkaribisha kwenye gunia, nikamletea maji kwenye kikombe cha dukani kwa mazoea ya adabu, nikijua atakataa. Akanywa. Akamaliza. Akaomba mengine.

Pale ndipo nilipoanza kuogopa, sijui kwa nini.

Akanieleza kwamba alikuwa na mbuzi tisa. Sasa ana watatu. Banda lake ni la fito, fisi wanachimba chini wanaingia. Ametoa taarifa, wenye bunduki wamekuja mara moja, fisi hawakuwepo siku hiyo. Fomu ya kifuta machozi, ile hela ya serikali kwa aliyeliwa mifugo, amejaza, anasubiri. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kijiko, akakiweka juu ya kaunta. Cha aluminiamu, mpini umepinda.

"Nipe viwili," akasema.

"Viwili vya nini, mzee?"

"Unajua."

Nilimwangalia. Nilitafuta kwenye uso wake kama ananipima, kama ni mchezo wake wa mwisho wa kunikamata. Hakuwa ananipima. Alikuwa mzee mwenye mbuzi watatu.

Nikafungua daftari. Sikujua la kufanya na mikono, nikafanya lile alilonifundisha. Nikaandika jina lake. Nikaandika Gwarama. Nikauliza, "Matumizi?"

Alisubiri mteja aliyekuwa pembeni yetu ahudumiwe, atoke. Halafu akasema, macho yake yakiwa kwenye kijiko:

"Andika mahindi."

Ndiyo mara moja ile niliyoisema. Mimi nimedanganywa na watu wa kila namna, na wengi nimewadanganya. Lakini nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikijua kwamba yupo mtu mmoja ambaye hilo neno halitatoka kinywani mwake mwezi wa nane.

"Mzee," nikamwambia, "mwezi huu Gwarama hakuna mahindi shambani."

"Hakuna," akakubali.

"Basi siwezi kuandika. Na nisipoandika siuzi."

Akainua uso. Ile alama ya mwiko ilikuwa pale pale, juu ya nyusi. "Wewe ndiye unaninyima?"

"Mimi ndiye."

"Miaka yote nimekaa na sheria," akasema polepole. "Sheria haijawahi kulala na mbuzi wangu hata siku moja."

Nikamuuliza kwao Gwarama, ng'ombe wa mtu akiuawa, watu wanakuja na mabeseni au hawaji? Nikamuuliza ana majirani wangapi. Midomo yake ilicheza; alikuwa anahesabu nyumba.

Nikachukua kijiko kutoka juu ya kaunta, nikakitia kwenye droo. "Hiki nakichukua," nikasema. Nilidhani atakasirika. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akaungoja hapo hapo.

"Stakabadhi," akasema.

Nikamwandikia. Kijiko kimoja, cha aluminiamu, mpini umepinda. Aliisoma, akanirekebisha: alitaka niongeze kwamba umepinda kulia. Nikaongeza. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani, akavaa vizuri kofia, na mlangoni, akiwa anatoka badala ya kuingia, akasimama akavuta hewa. Sijui kama alisikia harufu yoyote.

Jumatatu nilipeleka lori dogo Gwarama na nguzo za mkaratusi, wavu mzito wa kuzika mpaka mita moja chini, saruji, mlango wa chuma, na fundi wangu mwenyewe anayejua kazi. Siku nne. Mbuzi wanalala ndani, wako watatu bado, na mmoja ana mimba. Fundi ananiambia mzee alikaa kwenye kigoda muda wote akihesabu misumari, na iliyobaki kumi na saba akairudisha kwenye karatasi, imefungwa kama tulivyokuwa tunafunga zamani.

Ningempimia vijiko viwili siku ile, ningepata faida ya shilingi mia sita. Kutokumpimia kumenigharimu, nguzo, wavu, saruji, mlango, fundi na mafuta ya lori, na misumari kumi na saba nimeitoa, shilingi laki saba na elfu kumi na tatu na mia nne.